Trilioni za TRA na trilioni za KRA hazikai kwenye mizani moja

Kila Julai inapoanza, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutangaza makusanyo ya mwaka uliofungwa Juni 30, na kwa kuwa Kenya nayo inafuata mwaka wa fedha uleule, tarakimu za Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) huwa zimetoka au ziko njiani. Hapo ndipo mabishano ya Dar es Salaam huanzia, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye daladala la Mbagala na kwenye meza za maofisi ya Posta. Mmoja husema wenzetu wametuacha mbali, mwingine hujibu kwamba wametuacha kwa madeni. Kwa miaka kadhaa nimesikiliza mabishano hayo, na nimegundua kwamba pande zote mbili hutumia tarakimu sahihi kufikia hitimisho ambalo tarakimu hizo haziwezi kulibeba.

Tuanze na tarakimu zenyewe. Kwa mwaka wa fedha 2024/25, TRA ilikusanya shilingi trilioni 32.26, ikavuka lengo la trilioni 31.05. KRA kwa mwaka huohuo ilikusanya shilingi za Kenya trilioni 2.571. Mtu asiye na habari akiona 32 na 2.5 atadhani sisi ndio matajiri, lakini shilingi moja ya Kenya ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 20 zetu wakati mwaka huo ukifungwa, kwa hiyo makusanyo ya KRA ni kama trilioni 51 kwa fedha ya Tanzania. Hilo ndilo pengo linaloumiza watu: wao 51, sisi 32.

Kabla ya kuumia, inafaa kuitazama hiyo 20. Mwezi Januari 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa ikiuzwa Nairobi kwa karibu shilingi 160 za Kenya, wakati Dar es Salaam ilikuwa kwenye 2,500 na kidogo, maana yake shilingi ya Kenya ilikuwa sawa na shilingi 16 hivi za kwetu. Miezi michache baadaye shilingi ya Kenya ilipanda hadi kwenye 129 kwa dola, yetu ikashuka hadi kuvuka 2,700 kabla ya kujirudi. Mtu aliyelinganisha makusanyo ya nchi hizi mbili mwanzoni mwa 2024 na akarudia mwaka mmoja unusu baadaye angeona Kenya imetupita kwa robo zaidi, wakati sehemu kubwa ya hiyo robo haikulipwa na mlipakodi yeyote wa Mombasa wala Kisumu. Ililetwa na soko la fedha za kigeni.

Ndiyo maana wachumi hukimbilia uwiano wa kodi na pato la taifa, kwa sababu hapo kila nchi hupimwa kwa fedha yake yenyewe. Pato la taifa la Kenya kwa mwaka 2024 lilikuwa karibu dola bilioni 120, la Tanzania likiwa karibu dola bilioni 80. Uchumi wao basi ni kama mara moja na nusu ya wetu, na makusanyo yao, kwa kiwango cha kubadilishia fedha nilichotumia hapo juu, ni kama mara 1.6 ya yetu. Msomaji asimame hapa kidogo. Karibu pengo lote linalotutia unyonge linatokana na ukubwa wa uchumi, na kinachobaki, ambacho kwa haki kinaweza kuitwa juhudi au ustadi wa kukusanya, ni tofauti ya asilimia moja au mbili za pato la taifa: sisi tukizunguka asilimia 13, wao wakiwa kati ya 14 na 15 kutegemea nani anahesabu na anaingiza nini ndani ya hesabu. Nchi zote mbili ziko chini ya wastani wa Afrika, ambao ni karibu asilimia 16, na mbali kabisa na nchi tajiri za OECD ambazo wastani wao ni asilimia 34.

Hata uwiano huo nao una tabia zake. Kenya ilipofanyia marekebisho takwimu za pato la taifa mwaka 2014, uchumi wake ulionekana kuwa mkubwa kwa asilimia 25 kuliko ilivyodhaniwa, na papo hapo uwiano wake wa kodi ukashuka bila hata mfanyabiashara mmoja kukwepa senti. Ikarudia marekebisho mwaka 2021. Tanzania nayo ilifanya hivyo mwaka 2014 na tena 2019, ikihamia mwaka wa kizio (mwaka ambao bei zake hutumika kama kipimo) wa 2015. Kwa hiyo anayechukua asilimia ya Kenya ya miaka 12 iliyopita na kuilinganisha na ya leo anapima kitambaa kimoja kwa futi mbili tofauti. Lipo pia suala la nini kinaitwa kodi. Mrabaha wa dhahabu wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 hukusanywa na Tume ya Madini na kuhesabiwa kama maduhuli, yaani mapato yasiyo ya kodi, nje ya trilioni 32 za TRA, na Kenya haina sekta ya dhahabu ya kulingana na ya Geita. Zanzibar nayo ina mamlaka yake ya mapato kwa kodi zisizo za Muungano. Ukiyaweka yote haya mezani, ile asilimia moja au mbili huanza kulegea mikononi.

Kama tofauti ya ujumla ni ndogo hivyo, kwa nini niendelee kuandika? Kwa sababu chini ya jumla zinazokaribiana kuna nchi mbili zinazotoza watu tofauti kwa namna tofauti, na mwaka 2024 tofauti hiyo ilijitokeza barabarani ndani ya wiki moja. Jumatatu ya Juni 24 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na mgomo ukasambaa hadi mikoa mingine ikiwemo Mwanza na Mbeya. Siku iliyofuata, Juni 25, vijana wa Nairobi waliingia ndani ya Bunge la Kenya kupinga Muswada wa Fedha, na watu wakapoteza maisha. Juni 26 Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini.

Walioandika kwa haraka waliyaweka matukio hayo kwenye kapu moja la hasira za kodi. Lakini madai yalikuwa mawili tofauti kabisa. Nairobi walikuwa wakilalamikia viwango: kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye mkate, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, ushuru wa mazingira kwenye bidhaa za nyumbani, na yote hayo yakija mwaka mmoja tu baada ya Sheria ya Fedha ya 2023 kupandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 1 hadi 3, na kuanzisha makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara huku mwajiri naye akitoa kiasi hichohicho. Kariakoo malalamiko makubwa yalikuwa juu ya namna ya kutozwa: makadirio yasiyolingana na mzigo uliomo dukani, ukaguzi wa ghafla, kamatakamata ya wateja waliobeba bidhaa, wingi wa mamlaka zinazokuja mlangoni kila moja na kitabu chake. Mwaka mmoja kabla, Mei 2023, mgomo wa kwanza ulikuwa juu ya usajili wa stoo na juu ya kikosi kazi cha kodi, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilazimika kwenda mwenyewe sokoni kuzungumza nao.

Tofauti hiyo ina mizizi kwenye orodha ya walipakodi. Kodi ya mshahara, ile inayoitwa PAYE, peke yake huingiza zaidi ya moja ya tano ya makusanyo yote ya KRA, nayo hutoka kwa watu kama milioni tatu na ushee wenye ajira rasmi, katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya wanaofanya kazi nje ya mashamba wako kwenye shughuli zisizo rasmi, zile za jua kali. Mshahara haukimbii. Mwajiri hukata kabla mfanyakazi hajaiona fedha, na serikali inayohitaji fedha haraka huenda pale fedha zinapoonekana. Kenya iliyahitaji haraka mapato hayo kwa sababu zaidi ya nusu ya kodi inayokusanya huishia kwenye kulipa madeni. Februari 2024 ilikopa dola bilioni 1.5 kwenye soko la kimataifa kwa riba inayozidi asilimia 10 ili iweze kulipa hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni.

Nimejaribu kuweka mshahara mmoja kwenye majedwali ya nchi zote mbili. Tumchukue karani wa Dar es Salaam anayelipwa shilingi milioni moja kwa mwezi. Kwetu, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, kisha huja asilimia 8, 20 na 25 kwa ngazi, na kabla ya kuhesabu mchango wa hifadhi ya jamii atakatwa shilingi 128,000. Mwenzake wa Nairobi wa shilingi 50,000, ambazo kwa 20 zile ni milioni ileile, atakatwa kama shilingi 6,750 za PAYE, kisha 750 za makato ya nyumba na 1,375 za mfuko wa afya wa SHIF. Jumla ni karibu 8,870, au shilingi 177,000 za kwetu. Tukishuka kwa mlinzi wa laki nne, mambo yanageuka kwa namna ya kushangaza. Kwetu atalipa PAYE ya shilingi 10,400. Nairobi, kwa shilingi zake 20,000, PAYE yake ni sifuri kwa sababu nafuu binafsi inaifuta yote, lakini SHIF na nyumba zitamchukulia 850, yaani 17,000 za kwetu. Serikali ya Kenya inaweza kusema kwa ukweli kwamba haimtozi kodi mlinzi huyo, na mlinzi naye anaweza kusema kwa ukweli kwamba anakatwa kuliko mwenzake wa Dar. Haki inanitaka niongeze kwamba SHIF ni bima ya afya, na mtumishi wa umma wa Tanzania naye hukatwa asilimia 3 ya bima ya afya ya NHIF. Kwa upande wetu pia yapo makato yasiyoonekana kwenye hati ya mshahara, kwa maana mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea hutoa asilimia 3.5 ya tozo ya kuendeleza ufundi stadi.

Jambo ninalotaka lionekane ni kwamba Kenya imepandisha karibu kila kiwango kinachopandishika na bado uwiano wake wa kodi uko chini ya ulivyokuwa muongo mmoja uliopita, hata ukiondoa michezo ya marekebisho ya takwimu. Hazina yao ilijiwekea mkakati wa kufikia asilimia 20 ya pato la taifa ifikapo 2026/27, na wenye kufuatilia wanaona jinsi lengo hilo linavyozidi kusogea mbali. Kundi lilelile linakamuliwa zaidi, na wanaoingia kwenye kundi ni wachache kuliko shughuli mpya zinazozaliwa nje yake.

Sisi je? Ongezeko letu la mwaka mmoja, kutoka trilioni 27.64 za 2023/24 hadi 32.26, ni kama asilimia 17. Uchumi ukikua kwa asilimia 5 na nusu na mfumuko wa bei ukiwa karibu asilimia 3, makusanyo yaliyofuata tu mwendo wa uchumi yangeongezeka kwa asilimia 9 hivi. Kuna kitu cha ziada hapo na Kamishna Mkuu Yusuph Mwenda, aliyeichukua TRA Julai 2024, ana sababu ya kujivunia. Lakini zaidi ya theluthi ya makusanyo yetu hupatikana forodhani, na kodi ya forodhani hupigwa kwenye thamani ya mzigo kwa shilingi, hivyo shilingi iliyoyumba mwaka 2024 ilipandisha mapato ya bandari bila kontena moja kuongezeka. Kenya ilipata kinyume chake, shilingi yake ilipokuwa na nguvu. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kimsingi ni uleule kwa nchi zote mbili tangu 2005, na tangu 2022 una ngazi nne za asilimia 0, 10, 25 na 35, kwa hiyo anayelinganisha forodha ya Dar na ya Mombasa asitafute maelezo kwenye viwango. Akatafute kwenye misamaha, kwenye thamani inayoandikwa kwenye ankara, na kwenye mzigo wa Kongo au Zambia ambao kisheria unapita tu lakini huonekana umelala Tandika.

Kwenye VAT ndiko kuna somo ambalo halisemwi sana. Kiwango chetu cha kawaida ni asilimia 18, chao ni 16. Sisi tunamtaka mfanyabiashara ajisajili mauzo yake yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka, baada ya kupandisha kutoka milioni 100 mwaka 2023. Wao wanamtaka akifika shilingi milioni 5 za Kenya, ambazo ni kama milioni 100 za kwetu. Yaani wao wanatoza kidogo kwa wengi zaidi, sisi tunatoza zaidi kwa wachache. Tena tangu Januari 2024 mfanyabiashara wa Kenya hawezi kuondoa gharama kwenye hesabu ya kodi yake ya mapato kama haina ankara ya mfumo wao wa kielektroniki wa eTIMS. Anayenunua anaidai risiti kwa sababu bila hiyo atalipa kodi ya faida ambayo hakuipata. Sheria yetu nayo inamwadhibu mnunuzi asiyedai risiti, lakini adhabu ambayo watu hawajaiona ikitolewa haina uzito wa hasara inayokuja kila mwaka kwenye hesabu.

Mwaka jana nilikwenda Kariakoo, mtaa nisioutaja, kununua pampu ya maji. Muuzaji, kijana mstaarabu kabisa, aliniuliza kwa sauti ya kawaida: "Na risiti au bila risiti, kaka?" Bei zilikuwa mbili. Nilimwambia na risiti, akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake akilipa nauli mara mbili, kisha akatoka kwenda kuitafuta mashine ambayo haikuwa dukani kwake. Nilisubiri dakika arobaini. Risiti iliyoletwa ilikuwa na jina la duka lingine na kiasi pungufu ya nilicholipa. Mashine za kielektroniki za risiti, yaani EFD, ziko nchini tangu 2010, na nimekuwa nikidai risiti kwa muda wote huo, lakini siku ile nilielewa kwa nini jirani yangu ameacha.

Kwa hiyo nilipoona Sheria ya Fedha ya 2025 ikiweka VAT ya asilimia 16 badala ya 18 kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kupitia benki au kwa njia ya kielektroniki, niliiona kuwa hatua ya busara kuliko nyingi za miaka ya karibuni, kwa sababu inampa mnunuzi kitu mkononi. Hofu yangu ni kumbukumbu ya 2021. Julai ya mwaka ule tuliweka tozo za miamala ya simu za hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya fedha yenyewe inayotumwa. Kenya nayo hutoza huduma hiyo, kwa asilimia 15 sasa, lakini hutoza ada ya kampuni ya simu na haigusi kiasi ambacho mtu anamtumia mama yake. Tofauti hiyo ndogo ya mahali pa kutoza ilitufanya tupunguze tozo mara kadhaa, kisha tukaiondoa kwenye kutuma, na kuna watu hadi leo wamerudi kubeba noti kwenye bahasha kwa kondakta wa basi. Mtu aliyekimbizwa hivyo harudi kwenye malipo ya kielektroniki kwa kupunguziwa asilimia mbili za pampu.

Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, aliyoizindua Rais Samia Suluhu Hassan Oktoba 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue, imezunguka na kusikiliza watu wengi. Swali ambalo ningependa walipe kurasa nyingi kuliko mengine ni hili: asilimia moja ya pato letu la taifa ni kama shilingi trilioni 2, kwa hiyo kuifikia Kenya kunahitaji trilioni 2 hadi 4 juu ya tulizonazo. Mpangaji wa chumba kimoja Manzese tayari analipa kodi ya jengo la mwenye nyumba kwenye luku yake ya umeme, shilingi 1,500 kila mwezi, na karani wa milioni moja tayari anakatwa 128,000 zake. Trilioni hizo ziandikwe kwa majina ya makundi yatakayozitoa, kundi kwa kundi, kabla hatujaanza kuzihesabu kwenye bajeti ya Dodoma.